Bakuli la Bi Sakina

Langoni, Lamu
Jumatano, baada ya alasiri

Mwanangu Maimuna,

Sikuulizi hali, maana hali yako naijua. Umetoka sasa hivi kwenda Mkomani kuwaaga jamaa wa baba yako, na viatu vyako vipya umeviacha mlangoni kwa sababu vinakubana na umeona haya kusema. Nakuandikia kwa herufi za Kizungu ulizonifundisha wewe mwenyewe, ukinishika mkono kama mtoto wa chuo cha Kurani. Kwa hiyo ukiona makosa, mlaumu mwalimu.

Kesho asubuhi utavuka kwenda Mokowe na shangazi yako Khadija, mpande basi la Mombasa, ukakae kwake usome. Mambo ya kufua, kuswali kwa wakati, kutojibizana na wakubwa, sitayaandika. Miaka kumi na minne nimeyasema kwa mdomo, na kama hayakuingia kwa mdomo hayataingia kwa karatasi. Nina jambo moja tu. Limenikaa kooni tangu jana mchana kama mwiba wa samaki. Nimelisukuma kwa tonge la wali, nimelisukuma kwa maji, halikwenda. Basi nalitoa.

Unakumbuka jana tulipokula biriani. Shangazi yako alipakua mara tatu, na mimi nikafurahi, maana mpishi hana sifa nyingine ila sahani iliyosafishwa. Akachovya achari ya embe, akachovya tena, akalamba kidole mpaka pete ikang'aa. Akasema, "Wallahi, Zena, achari hii Mombasa nzima hakuna. Nifungie chupa mbili. Moja yangu, moja nimpelekee mke wa mwalimu mkuu, ili Maimuna apokewe vizuri."

Nawe, mdomo umejaa, kwa moyo mweupe kabisa, ukasema, "Mama alifundishwa na Bi Sakina, yule Mbohora aliyekuwa akikaa nyumba ya mbele."

Shangazi yako akakiweka chini kipande cha embe alichokuwa amekishika. "Mwanangu," akasema, "Mombasa maneno hayo usiyaseme. Watu watasema sisi hatukuwa na jiko mpaka tufundishwe na Wahindi. Sema achari ya kwenu. Ya bibi yako."

Ukanitazama. Nilikuwa nimeshika birika la kunawia. Nikatazama maji.

Ukasema, "Ndiyo, shangazi."

Naye akakiokota kile kipande cha embe, akakila.

Tangu hapo nachemka, mwanangu. Nimeswali nachemka, nimefunga mizigo yako nachemka. Nimemkasirikia yeye, kwa kula huku akitukana mkono uliomlisha. Fadhila ya punda, nawe mwisho wa methali hiyo unaujua, siuandiki. Nimekukasirikia na wewe kidogo, kwa ile ndiyo. Lakini ile ndiyo hukuiokota njiani. Ni mimi niliyeizaa, kabla hujang'oka jino la kwanza, na ndiyo maana nakuandikia.

Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipoolewa na baba yako nikaletwa nyumba hii kutoka Kizingitini. Nilichojua kupika ni samaki: wa kuchoma, wa nazi, mkavu. Siku ya saba bibi yako, Mungu amrehemu, akanikabidhi jiko. Siku ya nane akanusa mchuzi wangu mbele ya wageni akauliza, "Kwenu Kizingitini mwala samaki kwa mai ya bahari?" Wageni wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Nikapanda juu na sufuria yangu mkononi, nikasimama dirishani nalia. Unaujua uchochoro wetu, punda akiwa na mzigo wa matumbawe watu hujibana ukutani. Dirisha la nyumba ya mbele liko karibu hata ukipiga chafya unaombewa dua. Nikasikia sauti kutoka kule:

"Ewe binti, usililie mchuzi. Utazidi munyu."

Munyu ndiyo chumvi, ninyi wa shule mmeisahau. Nikatazama, nikaona mwanamke mnene, wa makamo, mikono imekuwa ya manjano kwa bizari mpaka kwenye vifundo. Huyo ndiye Bi Sakina. Akasema, "Lete nionde." Nikasema, "Nitaletaje?" Akacheka. Kesho yake akafunga kamba kati ya dirisha lake na letu, na kwenye kamba akatundika kikapu. Ukivuta huku kinakuja, ukivuta kule kinakwenda. Bakuli la mchuzi wangu likawa linakwenda kila siku kabla ya adhuhuri, na hukumu inarudi kwa mdomo. "Nazi umeitia mapema." "Ndimu iko wapi?" Siku moja: "Huu wa leo mimi sirudishi." Nikalala usingizi mtamu siku hiyo.

Watu walimwita Mhindi, kwa kuwa asili ya Mabohora ni Bara Hindi. Maimuna, yule mama alizaliwa uchochoro huu huu na mama yake kazikwa hapa hapa Lamu. Kiamu chake kilikuwa kizuri kuliko changu mimi wa Kizingitini. Bado wanawake walimuuliza, usoni, kwa kicheko: "Bi Sakina, lini warudi kwenu?" Naye akajibu, "Nti yangu ni hii. Nkitoka hapa ndia ya kwetu siijui." Wakacheka tena, kama vile kasema mzaha. Nami nikacheka nao. Andika hilo pia katika daftari la makosa yangu.

Akanifundisha. Hakuwa na kipimo, hakuwa na kijiko. Kabla ya kupika alinidokolesha chumvi kwanza, kama wanavyofanya kwao kabla ya kula, wote wakiwa wamezunguka sinia moja. "Munyu kwanda," alisema, "ulimi uamke." Kitunguu alinifundisha kukisikiliza, si kukitazama. Kikipiga kelele kwenye samli bado kina maji. Kikianza kunong'ona, ndipo utie kitunguu thomu. Hata leo nikiwa nimechoka hata macho hayafunguki, na wadogo zako wanalia mmoja huku mmoja kule, naweza kupika biriani kwa masikio.

Nilipokuwa na mimba yako, nilitapika miezi mitatu. Maji nilitapika, mate nilitapika. Wakati huo Bi Sakina alikuwa amekwenda Bara Hindi, kwa jamaa wa mumewe, mara yake ya kwanza na ya mwisho. Watu wakirudi safari kama ile huleta vitambaa. Yeye alileta sanduku la mbao lililojaa majani makavu, na ndani ya majani, vyakula: papadi, vile vijikate vyembamba vya dengu, embe kavu, sukari guru, achari ya shangazi yake imefungwa kwa kitambaa na nta. Nyumba yake ilinuka mtaa mzima. Nikamuuliza, "Huko kwenu kukoje?" Akanikazia macho. "Kwetu gani? Wamenicheka kutwa. Nikifungua mdomo wanasema, huyu Mswahili katoka wapi?" Kisha akachoma papadi moja juu ya makaa, ikavimba na kutatarika kama kitu hai, akanitilia kikapuni. Ndicho chakula cha kwanza kilichokaa tumboni mwangu. Wewe ulikula papadi kabla hujawa na jina.

Fikiri, mwanangu. Kule Mswahili, huku Mhindi. Kila mahali wanakula chakula chake, na kila mahali wanamuuliza lini anaondoka.

Sasa nikueleze siku niliyokuwa jasiri, ili ujue kwamba ninaweza, na kwamba kosa langu halikuwa la kukosa ulimi.

Ulikuwa na miaka miwili. Baba yako alipeleka mlango alioutia nakshi kwa tajiri mmoja wa Mombasa, na akanichukua. Jioni akasema, "Twende tukale hotelini." Mimi! Mwanamke wa kwetu kula hotelini ilikuwa kama kuoga sokoni. Lakini kulikuwa na hoteli moja ya Mhindi yenye pazia upande mmoja kwa ajili ya wenye wake zao. Tukakaa nyuma ya pazia. Wakaleta bajia za moto na chatini ya nazi, wakaleta faluda katika bilauri ndefu, nyekundu na nyeupe, na zile mbegu nyeusi zinazovimba majini kama mayai ya samaki. Nilikula kama mtu aliyetumwa. Baba yako alinitazama akasema, "Taratibu, Zena, hoteli haiondoki."

Lakini ile chatini haikuwa sawa. Nikamwambia baba yako, "Hii haina ndimu, na majani ya kotimiri yamechoka." Kumbe mhudumu kasikia. Kidogo tu, nyuma ya pazia sauti nzito: "Nani huyo ananifunza chatini?" Mpishi mwenyewe, na upawa mkononi. Baba yako akataka kuingia chini ya meza. Mimi nikajibu kutoka nyuma ya pazia, "Mimi. Mwanafunzi wa Bi Sakina wa Lamu." Akaondoka, halafu ikaletwa chatini nyingine, ya kijani kibichi, imeamka, na sauti ile ile ikasema, "Mwambie huyo Bi Sakina namwamkua."

Nikacheka njia nzima. Tukanunua vitamu, jalebi na barfi, za tunu kwa watu wa nyumbani. Bibi yako alizichukua zote akagawia jamaa zake. Vipande viwili nilikuwa nimevificha kwenye kona ya leso, nikavipeleka kwa kikapu, na salamu za mpishi. Bi Sakina alipenga pua kwa upindo wa mtandio. Alisema ni pilipili.

Unaona basi. Mbele ya mpishi nisiyemjua, katika mji wa watu, nilitaja jina lake. Sasa sikiliza nilichofanya kwetu, mbele ya wangu.

Ulikuwa na miaka minne. Shangazi yako Khadija aliolewa. Harusi kubwa, watu kutoka Pate, watu kutoka Mombasa. Bibi yako akasema biriani itapikwa humu humu nyumbani, na mimi, mkwe wake, nitaipika. Nikaogopa. Sufuria za harusi si sufuria za nyumbani. Nikasimama dirishani, hata sikusema neno, Bi Sakina akasema, "Nakuya."

Alikuja kwa mlango wa nyuma kabla ya jua kutoka, na sufuria zake tatu za shaba zikiwa zimebebwa. Alikaanga vitunguu kikapu kizima. Aliloweka zafarani, akachagua zabibu moja moja. Aliniacha nikoroge, ili mkono uwe wangu, lakini kila kitu kilipita kwenye ulimi wake. Adhuhuri alikuwa bado amesimama, miguu imemvimba.

Chakula kikaenda. Wanawake walikuwa ukumbini, sinia kwa sinia, na jikoni palitengwa kwa pazia tu. Nikasikia makelele yakipungua, unajua chakula kizuri kinavyonyamazisha watu. Kisha bibi mmoja mgeni akauliza, "Nani kapika?"

Bibi yako akasema, "Mkwe wangu."

"Na kafundishwa na nani? Hii si ya Kizingitini."

"Kafundishwa na mimi," akasema bibi yako. Akageuka akanitazama. "Au siyo, Zena?"

Nilikuwa nimesimama kwenye pazia, mguu mmoja jikoni na mmoja ukumbini. Bi Sakina alikuwa hatua tatu nyuma yangu, anaosha mikono. Nilisikia maji yakiacha kumiminika.

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Ni neno dogo sana, Maimuna. Halina uzito mdomoni. Wakasifu, wakanivuta niketi, kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikaketi sinia la wakubwa. Hapo mmoja akakumbuka: "Na yule Mbohora je?" Bibi yako akasema, "Mpelekeeni chake huko huko." Wakapakua kwenye sahani ndogo, peke yake, kando, wakampelekea jikoni. Mwislamu mwenzetu, katika harusi, akapelekewa kando chakula alichokipika mwenyewe! Nami nilikuwa nimeketi, na tonge mkononi, tonge tamu.

Nilipokwenda jikoni baadaye sahani ilikuwa vile vile. Nikamwambia, "Kula, Bi Sakina." Akavaa mtandio wake. Akasema, "Nshashiba harufu, mwanangu." Akatoka kwa mlango wa nyuma.

Siku tatu kikapu kilining'inia tupu. Siku ya nne nikasikia kamba inalia. Kikapu kikaja, na ndani bakuli la achari ya embe mpya. Yeye ndiye aliyekosewa, na yeye ndiye aliyetanguliza.

Unajua mila yetu. Chombo cha jirani hakirudi kitupu, hata kama ni vitumbua viwili, hata kama ni ndimu moja. Nikaanza kukaanga sambusa. Bibi yako akanikuta. "Za nani?" Nikamwambia. Akasema, "Usirudishe kitu. Ukimzoeza huyo, kila harusi atataka kuketi sinia moja nasi." Kurudisha bakuli tupu ni tusi. Kutolirudisha ni wizi. Mimi nikachagua wizi, nikalificha ndani ya sanduku langu, chini ya kanzu. Nikawa mwizi mtiifu.

Haikufika miezi miwili, mumewe Bi Sakina akafariki, na mwanawe mkubwa akaja kumchukua kumpeleka Mombasa. Siku anaondoka nilisimama nyuma ya dirisha, nimelifunga nusu. Nikaiona mikono ile ya manjano ikifungua fundo upande wake. Kamba ikaanguka, ikapiga ukuta wetu, ikaning'inia. Hakuita. Sikuita.

Ndilo bakuli lile la bati, jeupe lenye ukingo wa buluu, unaloliona kila ninapofungua sanduku, na kila ukiniuliza nakwambia, "Liache."

Nimelifikiria kosa hilo miaka kumi, nikifua, nikinyonyesha, nikichuja nazi. Zamani nilimlaumu bibi yako. Kumlaumu maiti ni rahisi, hajibu. Ukweli ni kwamba yeye aliuliza tu. Aliyejibu ni mimi. Na sikujibu kwa chuki, nilimpenda yule mama kuliko niliowapikia. Nilijibu kwa sababu nilitaka kuketi kwenye lile sinia. Nawe unakwenda nyumba ya watu, utataka kuketi kwenye sinia lao, na shangazi yako si mtu mbaya, atakupenda, atakushonea nguo. Ndipo patakapokuwa pagumu. Mtu mbaya ukimkatalia huumii.

Ngoja, naitwa chini.

Nimerudi. Nitakusimulia kabla hujasimuliwa na wengine.

Walikuja Bi Fatuma wa nyumba ya pembeni na binti yake, kukuaga. Shangazi yako kawakaribisha kwa mkate na achari, achari yangu, tena kaipakua yeye. Mimi naingia na sinia la chai, Bi Fatuma anauliza, "Hii achari tamu, ya nani?"

Shangazi yako akasema, "Ya marehemu mama. Ndiyo aliyomrithisha Zena."

Nikasimama pale na chai. Nilikuwa nimetoka kukuandikia wewe kurasa zote hizi, nikikutaka ufanye Mombasa jambo ambalo mimi sijalifanya Langoni. Nikaweka sinia chini ili nisimwage.

Nikasema, "Siyo. Ni ya Bi Sakina. Na biriani ya harusi yako, Khadija, ilikuwa yake pia. Alipika yeye. Mimi nilikoroga, halafu nikasema uongo, halafu tukampa chakula chake kando kama mtu mwenye upele."

Hakuna aliyetafuna. Kisha Bi Fatuma, na meno yake mawili, akasema polepole, "Kwani nani hakujua? Mkono ule Langoni nzima twaujua. Sote twalijua siku ile ile."

Walijua! Miaka kumi nimebeba uongo ambao haukumdanganya mtu hata mmoja. Ukumbi mzima ulikuwa unajua, na ukumbi mzima ukala, ukanyamaza. Uongo wetu haukuficha kitu. Kazi yake ilikuwa moja tu, kumuumiza aliyekuwa nyuma ya pazia. Nilitaka kulia, nikaona hasira imenizuia, nikaishukuru.

Wageni walipotoka, shangazi yako akasema, "Zena, kesho namchukua mwanao, leo waniaibisha mbele ya watu?"

Nikamwambia, "Ukimwacha, baba yake atampeleka, na atapata pa kulala kwa mtu mwingine. Lakini akienda nawe, atakwenda na jina la Bi Sakina mdomoni, na utamruhusu akamtembelee. Hilo sikuombi, wifi yangu. Nakuarifu."

Mimi nilidhani basi, shule yako imekwenda na maji, na kwa ulimi wangu mwenyewe. Shangazi yako akainuka, akajifunga leso, akaenda mpaka mlangoni. Pale akageuka.

"Zile chupa zangu mbili," akasema, "umeshazifunga?"

Nikazifunga. Na juu ya kila chupa nimebandika karatasi kwa uji wa unga, nimeandika kwa herufi zako hizi: Achari ya Bi Sakina. Kaiona. Kaipindua chupa, kaisoma mara mbili, kaitia mkobani. Mke wa mwalimu mkuu naye anajua kusoma.

Sasa nikutume.

Bi Sakina anakaa kwa mwanawe, Mji wa Kale, juu ya duka la vyombo vya bati. Baba yako alimwona mwaka jana. Nilimuuliza, "Alisema nini juu yangu?" Baba yako akasema, "Aliuliza kama achari bado wazidisha uwatu." Nilikwenda kulia jikoni. Baba yako anasema pia macho yake yameingia ukungu, hatambui mtu mpaka asikie sauti. Sauti yako haijui. Alikujua ukiwa bado na sauti ya mtoto wa miaka minne.

Bakuli limo katika kikapu chako kidogo, limefungwa kwa leso yangu ya harusi. Limejaa. Embe nilizianika darini wiki mbili, na uwatu nimepunguza. Usilipakie juu ya basi, lipakate. Likimwagika mafuta kidogo, pangusa. Likimwagika lote, peleka hivyo hivyo, lakini nunua kitu njiani utie ndani, hata ndimu moja.

Usiende kwa kificho. Mwambie shangazi yako unakokwenda, kwa sauti, ukiwa umevaa buibui tayari. Ukifika usimwambie bakuli lilichelewa njiani, halikuwa njiani. Mwambie lilikaa kwetu miaka kumi kwa uoga wa mama. Akikataa kulipokea, usimbembeleze, ana haki. Liweke, mwamkue, urudi, na mimi nitajua hajanisamehe. Akikukaribisha, vua viatu, keti kwenye sinia lao, na wakikuletea chumvi dokoa kwanza kama wanavyodokoa wao.

Na ule, mwanangu. Mombasa kula kila kitu. Kula bajia za barabarani, kula mahindi ya kuchoma, ukipata mtu wa kwenda naye kanywe faluda nyuma ya pazia lile, kama bado lipo. Ukija likizo usiniletee kitambaa. Niletee kitu cha kuliwa, na jina la aliyekipika.

Nasikia sauti yako uchochoroni, unacheka na binti ya Bi Fatuma. Ameshakusimulia, bila shaka. Namaliza.

Bi Sakina atafungua leso kwa kupapasa. Atachovya kidole, ataonja. Macho yake hayatakutambua, lakini ulimi ule haujapata ukungu. Atakuuliza, kama walivyouliza siku ile ukumbini, nani kapika.

Mwambie, "Ni wewe, Bi Sakina."

Mama yako,
Zena